Uzi: Mlakingo, kamba mkali wa kubuni wa kinamasi cha Yala. Tujadili tabia na mazingira yake

MwanaDunga (mleta uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Ninaandika hadithi ndefu ya vijana ambayo matukio yake yanatokea kati ya Ziwa Kanyaboli na mahali mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, na ndani yake nimemweka mnyama wa kubuni ninayemwita Mlakingo. Ni wa jamii ya kamba wa maji baridi: ana magando mawili makubwa, miguu minane ya kutembelea, mkia wenye misuli, na gamba gumu la rangi ya kahawia iliyokolea. Huchimba mashimo katika kingo za mito na katika matuta, hutoka usiku, na wanakijiji wa hadithi yangu wanamwogopa kuliko mamba. Mlakingo hayupo popote duniani, lakini nataka kila anachokifanya kiwe kitu ambacho kaa au kamba fulani wa kweli hukifanya, ili msomaji wa Budalang'i aliyekulia kando ya mto asikifunge kitabu kwa kicheko.

Swali ninaloulizwa na kila aliyesoma sura za mwanzo ni kwa nini mnyama huyu ni mkali. Msimamo wangu ni kwamba wanyama wa jamii hii hawapigani kwa sababu tu wana magando. Kupigana kunakula nguvu, kunaweza kumpotezea mnyama mguu, na kunamtangaza kwa kila fisi-maji aliye karibu. Hupigana pale ambapo kuna kitu cha kugombania, na kwa Mlakingo kitu hicho ni shimo. Anapumua kwa matamvua, na matamvua yakikauka amekwisha; kwa hiyo maji yanapopungua, shimo linalofika kwenye unyevu ndilo uhai wake. Mto ukifurika, mashimo yote yanakuwa chini ya maji, hakuna la kugombania tena, na mnyama yuleyule anatawanyika kutafuta chakula na makazi mapya bila kumjali jirani. Maana yake ni kwamba katika hadithi yangu miezi ya hatari ni Januari na Februari, wakati jua linawaka na kinamasi kinanywea, na siyo wakati wa mafuriko kama ambavyo wengi wangetarajia.

Kuhusu ukubwa, wapo wanaotaka awe kama ng'ombe, na hilo nimelikataa. Kamba mkubwa kuliko wote wa maji baridi duniani ni yule wa Tasmania, *Astacopsis gouldi*, ambaye kumbukumbu za zamani zinampa urefu wa hadi sentimita 80 na uzito wa kilo 5 hivi, na hata huyo hukua polepole mno, jike lake likihitaji takribani miaka 14 kabla ya kuzaa. Anaishi katika vijito vya baridi, na baridi hiyo ina maana yake. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 hushika takribani miligramu 11 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 25 hushika takribani 8. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako maji hushika pungufu ya hapo, na chini ya mafunjo ya Yala, ambako mimea inaoza na upepo haufiki, oksijeni hukaribia kwisha kabisa. Gamba nalo ni mzigo, hasa mnyama akitoka majini, na kila akikua ni lazima alivue na kukaa laini kwa muda, hali ambayo mwili mkubwa hauistahimili kirahisi nchi kavu. Kwa hiyo Mlakingo wangu ana urefu wa sentimita 50 na uzito wa kilo 3, na usiku hupanda juu ya mizizi ya mafunjo akapumua hewa kwa matamvua yaliyolowa, jambo ambalo kaa wetu wa mtoni wanaliweza. Kilo 3 zinatosha. Anayebisha na aingize mkono shimoni.

Ninaomba michango, hasa kutoka kwa wanaowajua viumbe hawa kwa karibu.

Mwalimu_Siaya

Ndugu MwanaDunga, hoja ya shimo ninaiunga mkono. Ninachotaka kukuongezea ni pigano lenyewe, kwa kuwa waandishi wengi huandika kana kwamba kamba wawili wakikutana hurukiana mara moja, na ukweli ni kwamba ugomvi wao una hatua, na kila hatua ni nafasi ya mmoja wao kujiondoa salama.

Kwanza hukaribiana na kupapasana kwa vipapasio. Kisha kila mmoja huinua magando yake na kuyatandaza, akimwonyesha mwenzake upana wake wote, na hapo mdogo akiona amezidiwa mno huondoka bila kuguswa. Wakilingana, husukumana gando kwa gando, mbele na nyuma, kwa muda ambao unaweza kuwa mrefu. Wakizidi kulingana ndipo hushikana kwelikweli, kila mmoja akijaribu kumpindua mwenzake au kumkata kiungo. Anayeshindwa huukunja mkia ghafla chini ya tumbo, maji yakasukumwa, naye akarushwa nyuma na kutoweka ndani ya tope. Mguu ulioshikwa anaweza kuuacha hapohapo, kwa kuwa una mahali maalumu pa kukatikia, na mwingine utachipua katika mavuo ya gamba yanayofuata, mdogo kwanza na kisha wa kawaida. Kwa hiyo Mlakingo mzee mwenye gando moja kubwa na lingine dogo ni picha ya kweli kabisa, na msomaji atajua bila kuambiwa kwamba amepigana hivi karibuni.

Lililo zuri zaidi ni la mkojo, na wanafunzi wangu hulicheka kila mwaka. Matundu ya mkojo ya kamba yako kichwani, kwenye vitako vya vipapasio, na wakati wa ugomvi huurusha mkojo mbele kumwelekea mpinzani. Ndani yake mna habari za hali yake. Kwa kamba-mti wa baharini imeonekana kwamba ukizuia mkojo usitoke, wawili waliopigana jana hupigana upya leo kana kwamba hawajawahi kukutana, ilhali kwa kawaida aliyeshindwa angemtambua mshindi wake na kumpisha. Kinamasi chako basi kina harufu ya madaraka. Mlakingo anayepita penye shimo la jirani hajui tu kwamba kuna mtu. Anajua kama ni yule aliyemtandika.

Kushindwa nako kunabaki mwilini. Mwaka 1996 yalichapishwa majaribio yaliyoonyesha kwamba serotonini, ile kemikali ya neva, huubadilisha mshituko wa mkia kwa namna tofauti kutegemea kama kamba ni mtawala au mtawaliwa, na mwaka uliofuata yakachapishwa mengine ambamo kamba waliokwisha kunyenyekea walipochomwa sindano ya serotonini walirudi kupigana na wakubwa wao. Kwa mwandishi hiyo ni mali: mnyama aliyeshindwa si yuleyule wa kabla ya pigano, na atatafuta kuishi mahali ambapo hatakutana na mshindi. Ninakuomba uwafuatilie hao walioshindwa. Wewe umewaandika washindi peke yao.

Halafu usisahau ulaghai. Huko Australia yuko kamba mwembamba anayeitwa *Cherax dispar*, ambaye dume lake hutisha kwa gando kubwa ingawa ukubwa huo hauonyeshi vizuri nguvu ya kubana iliyomo, na wenzake humwogopa kwa ukubwa wake hivyohivyo.

Nakuru_Mjini

Jamani, kwa nini huyu mnyama asihamie kwetu Ziwa Nakuru? Fikirieni Mlakingo akiwavizia heroe majini, na watalii wako kwenye gari wakitazama.

MwanaDunga

Picha ni nzuri, ndugu yangu, lakini maji yenu ni ya magadi, makali kwa alkali kiasi kwamba kamba wa maji baridi hawezi kuishi humo. Ukimtaka kaunti ya Nakuru mpeleke Naivasha, na huko, kwa bahati, yuko mdogo wake wa kweli. Mtu wa Naivasha yupo humu?

Karagita_Naivasha

Nipo, mkuu. Huyo mdogo wake ni kamba mwekundu wa Louisiana, *Procambarus clarkii*, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini-mashariki mwa Meksiko. Bara la Afrika halikuwa na kamba wa jamii hii hata mmoja. Madagaska wana wa kwao, lakini huku bara tulikuwa na kaa wa mtoni na kamba wadogo kama ochong'a. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa makusudi, ili wavuvi wapate biashara nyingine, na katikati ya miaka hiyo uvuvi wake ulianza na kupata soko Ulaya, ambako kamba wao wa asili walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa ukungu. Dhihaka ya mambo ni kwamba ugonjwa huo huenezwa na kamba wa Marekani, ambao wao wenyewe huubeba bila kudhurika sana.

Ninachotaka MwanaDunga akiangalie ni kilichofuata. Kamba walipoongezeka, mimea ya chini ya maji iliyokuwa imejaa pembezoni mwa ziwa ilitoweka karibu yote mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha kamba wakapungua, mimea ikarudi, kamba wakaongezeka tena, ikawa ni mzunguko. Wavuvi wetu wanamjua kwa jambo la karibu zaidi: nyavu zikilala majini, kamba huingia na kuanza kumla samaki aliyenaswa, akianza na sehemu laini, na asubuhi unapandisha samaki aliyechimbwa tumbo, na kando yake kamba mwenyewe amejisokota kwenye nyuzi. Kumtoa ni kazi, kwa sababu kila ukimgusa hushika uzi mwingine kwa gando, na ukimvuta kwa nguvu unabaki na gando na tundu kwenye wavu. Nyavu zenyewe ni ghali. Hayo ndiyo manung'uniko ya kwanza utakayoyasikia pwani ya ziwa, kabla ya mtu yeyote kuzungumza habari za kuumwa kidole.

Wapo wanaompenda pia. Samaki aina ya bass, ambaye aliletwa ziwani mwaka 1929, amemfanya chakula chake kikuu kwa miaka mingi, na ndege wengi wa maji humla. Baada ya samaki aina ya kapu (carp) kuingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamba walipungua sana. Kwa hiyo katika hadithi usimwache Mlakingo bila wa kumla. Mnyama asiye na adui hana sababu ya kujificha shimoni, na hoja yako yote ya shimo itaanguka.

MwanaDunga

Asante sana, mkuu. Adui ninao tayari. Fisi-maji anakuja usiku na kula kaa na kamba kwa ustadi ambao hakuna mwingine anao: humpapasa kwa vidole chini ya tope, akamgeuza chali. Kenge hufukua mashimo na kula watoto. Kamongo, ambaye kila mtu wa Kisumu amemwona sokoni, ana meno kama mabamba ya kusagia na hukaa tayari katika kinamasi hichohicho, naye anaweza kuvumilia maji yasiyo na oksijeni kwa kuwa ana mapafu. Furukombe na korongo nao wanachukua wadogo mchana. Ndiyo maana Mlakingo hutoka usiku tu, na ndiyo maana mlango wa shimo lake ni mwembamba kiasi kwamba mwenye nyumba huingia kinyumenyume, magando yakabaki mlangoni.

Mama_Omena

Wanangu, mnazungumza vizuri, lakini ninyi nyote mmemwacha na njaa. Mimi nimeuza omena na ochong'a hapa Kisumu miaka mingi, na ninachokijua ni kwamba kila kiumbe cha majini huandikwa na anachokula. Huyu wa kilo 3 anakula nini kila siku? Mkinijibu kwamba anakula watu, nitaondoka.

Na lingine. Ochong'a, ingawa ni mdogo hivi kwamba tunampima kwa mkebe, ni wa jamii hiyohiyo, na mbuta, yaani sangara, alipokwisha kuwamaliza wale fulu wadogo ziwani, ochong'a ndiye aliyemlisha. Msione mdogo mkamdharau. Huenda ukubwa wa Mlakingo hauna maana kwa ziwa kama wingi wa wadogo zake.

MwanaDunga

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo lililonichukua muda kulifikiria.

Mlakingo anakula majani yaliyooza zaidi ya kitu kingine chochote, na hili sikulibuni. Kamba wakubwa wa kweli hula mimea na mabaki kwa wingi, wakati watoto wao hutafuta zaidi wadudu na viumbe vidogo kwa sababu wanahitaji protini ya kukulia. Wanakijiji wa hadithi wanaamini kwamba anakula nyama kwa kuwa wanamwona mahali penye mizoga na penye nyavu, lakini ukilipasua tumbo lake utakuta mafunjo yaliyosagwa. Kisichopatikana kwa wingi kwenye mafunjo ni chokaa, na mnyama mwenye gamba zito anaihitaji mno. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache, kwa hiyo Mlakingo anawawinda konokono na kome kwa ajili ya makombe yao kuliko nyama yao, na hula gamba lake mwenyewe baada ya kulivua. Gando la kushoto ni nene, la kuvunjia. La kulia ni jembamba, la kukatia, kama ilivyo kwa kamba-mti na kaa wengi ambao magando yao hayalingani.

Hapo ndipo anapopata watetezi kijijini. Konokono wa majini ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa Kenya ambao uliwaweka kamba wa Louisiana katika mabwawa, konokono wakapungua, na maambukizi ya kichocho kwa watoto yakapungua pia. Katika hadithi yangu kuna muuguzi wa zahanati anayepinga mpango wa kuwaua Mlakingo wote, na ana sababu nzito. Sitaki kitabu ambacho mnyama ni adui wa kila mtu.

Kabla ya kuvua gamba, kamba huhifadhi chokaa katika vijiwe viwili vilivyoko kwenye ukuta wa tumbo, akavitumia baadaye kugumisha gamba jipya. Huko Ulaya zamani vijiwe hivyo viliuzwa kama dawa. Mlakingo wa kilo 3 atakuwa na vijiwe vikubwa vya kutosha kuvutia wachuuzi, na mtu anayevitaka ni lazima amkamate mnyama siku chache kabla hajajivua, wakati amejifungia shimoni kwa udongo na hataki kugombana na mtu. Wanaokufa katika hadithi hii watakufa kwa tamaa ya vijiwe zaidi ya kwa magando.

Msitu_Kakamega

Ninaomba kuchangia jambo la huku kwetu, kwa sababu nimeona hakuna aliyelitaja. Kaa wa mtoni wa magharibi mwa Kenya, wa jenasi *Potamonautes*, aliwahi kuwa kiini cha fumbo la afya ambalo liliwasumbua madaktari kwa miaka. Ugonjwa wa usubi, ule unaoleta upofu wa mtoni, ulikuwepo Kakamega, Kaimosi, bonde la Kodera na maeneo mengine ya Nyanza na Magharibi, na inzi anayeueneza, *Simulium neavei*, alifahamika, lakini buu wake hawakuonekana popote mtoni. Watu walipekua mawe, majani na mizizi bila mafanikio. Mwaka 1950 ndipo ikatangazwa kwamba buu na bundo (hatua ya kati ya buu na inzi kamili) wa inzi huyu hukaa juu ya miili ya kaa walio hai. Ajabu ni kwamba kabla ya hapo, mwaka 1946, dawa ya DDT ilikuwa imekwisha kutiwa katika mito ya Kodera na inzi wakatoweka, yaani walishinda vita kabla ya kujua adui alikuwa amejificha wapi. Hatimaye inzi huyo aliangamizwa karibu katika maeneo yote ya Kenya alimokuwa akieneza ugonjwa huo.

Sasa Mlakingo mwenye gamba pana lisilovuliwa mara kwa mara angekuwa makao mazuri ya buu hao kuliko kaa yeyote. Nilikuwa ninapendekeza hilo liwe siri ya kitabu.

Mwalimu_Siaya

Hoja nzuri sana, lakini ina kikwazo kimoja. *Simulium neavei* anahitaji vijito vinavyotiririka kwa kasi chini ya kivuli cha msitu, kwa sababu buu huchuja chakula kutoka kwenye mkondo. Kinamasi cha Yala kimesimama, jua linakipiga. Mlakingo wa kinamasini hatabeba buu hata mmoja.

Msitu_Kakamega

Basi apande juu. Mto Yala unapita huku kwetu kabla ya kufika huko kwenu, na wadogo waliofukuzwa mashimoni hawana budi kwenda mahali fulani. Kamba wa kweli hutembea nchi kavu usiku wa mvua kutoka dimbwi hadi dimbwi. Kama mwalimu anataka tuwafuatilie walioshindwa, ninaona baadhi yao wangefika Kaimosi.

MwanaDunga

Hilo limenipa kitu nilichokuwa ninakitafuta, na ninataka nilieleze kwa kirefu kwa sababu linabadilisha mpangilio wa kitabu kizima.

Tuanze na uzazi. Jike la Mlakingo hubeba mayai chini ya mkia, mamia kadhaa, kama kamba wa Louisiana anavyobeba, na watoto wakianguliwa wanafanana na wazazi wao tayari na kuendelea kumng'ang'ania mama kwa muda kabla ya kujitegemea. Hakuna hatua ya kuelea baharini kama kwa kaa wa pwani, ndiyo maana jamii hii inaweza kuishi mbali na bahari bila taabu. Jike lenye mayai ni kali kuliko dume lolote na humtetea kila aliye chini ya mkia wake hata dhidi ya mnyama mkubwa kuliko lenyewe. Watoto wakishaachwa, wakubwa huwala bila huruma, wakiwemo wa kwao. Ulaji huo ndio unaozuia idadi isilipuke.

Sasa jua linawaka. Kinamasi kinanywea kuelekea katikati, na mashimo ya pembezoni yanakauka kwa zamu. Wenye mashimo yaliyokauka wanahamia ndani, wanakutana na wenyeji, na mapigano yale ya mwalimu yanatokea usiku kucha, hatua kwa hatua, na harufu ya kila mshindi inaganda kwenye tope lake. Wakubwa wanabaki na mashimo ya kinamasini. Wadogo na waliokatwa magando wanakwenda wapi? Wanatafuta udongo wa mfinyanzi, ulioinuka, wenye unyevu chini yake, na usio na mwenyeji. Katika nchi tambarare ya Budalang'i, udongo wa namna hiyo uko mahali pamoja tu pa kutosha: katika matuta ambayo watu wameyajenga kuuzuia mto Nzoia. Kwa hiyo matuta yanachimbwa na walioshindwa, na kadiri ukame unavyokuwa mrefu ndivyo walioshindwa wanavyokuwa wengi. Kila shimo lina bomba fupi la vidonge vya udongo juu yake, kama vile kamba wengi wachimbaji wanavyofanya, na watoto wa shule wanavipiga teke vidonge hivyo njiani bila kujua maana yake.

Halafu mvua inanyesha, lakini hainyeshi Budalang'i. Inanyesha Cherangani na Mlima Elgon, ambako mto Nzoia hupata maji yake, na mto unakuja umejaa katika siku ya jua kali, kama wakazi wa huko wanavyojua. Tuta lililojaa mashimo hupitisha maji kwanza kwa tundu moja, maji yanabeba udongo, tundu linapanuka, na tuta linakatika. Mafuriko yanawatawanya Mlakingo wote, wakubwa kwa wadogo, ugomvi unakoma, na kila mmoja anapata mahali. Mzunguko unaanza upya ukame ukirudi.

Wanakijiji wataona tuta limekatika na watamlaumu Mlakingo mkubwa wanayemjua, yule mwenye kovu anayetisha kinamasini, ambaye hajawahi kufika kwenye tuta maishani mwake.

Karagita_Naivasha

Na watamwua. Halafu?

Mwalimu_Siaya

Halafu mambo yatakuwa mabaya zaidi, na kuna kisa cha kweli cha kukuongoza. Katika ghuba ndogo ya Seadrift huko California, watafiti waliamua kumwondoa kaa wa kijani kutoka Ulaya, wakawanasa wakubwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2009 hadi idadi ikashuka kutoka takribani 125,000 hadi chini ya 10,000. Mwaka 2014 idadi ikaruka hadi takribani 300,000. Wale wakubwa ndio waliokuwa wakiwala wadogo, na walipoondolewa, watoto wote wakapona. Watafiti hao baadaye walibadili lengo wakawa wanapunguza kaa kwa kiasi, badala ya kutaka kuwamaliza.

Ukimwua Mlakingo mwenye kovu, umefungua nafasi kwa watoto mamia, na kila mmoja wao atahitaji shimo mwaka ujao.

Mama_Omena

Mwalimu, hapo nimekuelewa. Lakini kijiji hakiwezi kukaa kikitazama tuta linatobolewa. Watege wapi, na watege lini? Na ninyi mliosoma mniambie pia kama analiwa, kwa maana kama analiwa na ana soko, shida yenu imekwisha.

MwanaDunga

Analiwa, mama, wanamchemsha na chumvi na limau na nyama yake iko mkiani na ndani ya magando. Soko ndilo linalonitia hofu kidogo, kwa sababu mtu anayepata pesa kwa kamba hatataka kamba waishe, na baadhi ya wachuuzi katika sura ya kumi na moja wataanza kuwabeba kwa magunia mabichi hadi mito mingine ili wawavue huko pia. Ndivyo viumbe hawa wanavyosambaa duniani.

Kuhusu kutega, nimeamua hivi kutokana na michango yenu. Mitego itakuwa ya matete, mfano wa migono ya samaki, yenye mdomo mwembamba ambao Mlakingo mkubwa hapiti, na itawekwa chini ya matuta upande wa kinamasi kuanzia Desemba, wakati walioshindwa wa kwanza wanapoanza kuhama. Chambo kitakuwa konokono waliopondwa. Wakubwa wa kinamasini hawataguswa. Jike litakalonaswa na mayai litarudishwa kinamasini kwa wakubwa wake, jambo litakalozua ugomvi mkubwa kati ya muuguzi na mzee wa kijiji, na hapo ndipo nilipofika jana usiku katika kuandika. Mwalimu, ninakuomba unisaidie na jambo moja zaidi: jike likirudishwa mahali palepale lilipofukuzwa, wenyeji watalitambua kwa harufu kama mshindwa wa zamani, au mayai yatakuwa yameibadilisha harufu yake?